Marinda ya Tansy

Ijumaa ya mechi mji mzima wa Harlow hufunga biashara mapema, watu wakajipanga barabarani kutazama maandamano ya shule. Wazee watatu wao hawana haja ya kujipanga, wana benchi lao mbele ya duka la misumari, na kahawa yao kwenye vikombe vya karatasi. Kulikuwa na Meja, ambaye jeshini alikuwa mpishi na cheo kajipa mwenyewe. Kulikuwa na Dikoni, mzee wa kanisa asiyepitwa na umbea. Na kulikuwa na Nondo, mchomeleaji mstaafu, jina lake halisi Verlon Tidwell. Bendi ilishapita, wachezaji walishapita juu ya trela, na mkiani wakaja washangiliaji wadogo, mabinti wa darasa la kwanza, wote na sare ya dukani ya rangi ya damu ya mzee. Wote isipokuwa mmoja. Nondo alipomwona huyo mmoja aliinua mkono ampungie. Papo hapo Meja akaangua kicheko, na ule mkono ukaishia kukuna shingo.

— Jamani, mmemwona yule wa mwisho? Meja akasema. Mwenye utepe kichwani kama feni ya dari!

— Nimemwona, Dikoni akajibu. Na sketi je? Marinda ya kushoto yanakwenda Dallas, ya kulia yanakwenda Meksiko.

— Ile si sketi, bwana wee. Lile pazia.

— Pazia lina heshima yake! Kile kitambaa cha ndani ya jeneza. Nimezika watu wengi, nakijua.

Nondo akagugumia kahawa ikamuunguza ulimi. Mtoto alikuwa Tansy, mjukuu wake, aliyeletwa kwake mwezi uliopita mama yake alipopelekwa ng'ambo na jeshi. Benchini walijua mjukuu yupo, ila walikuwa hawajamtia machoni. Alipofika, shule ilikuwa imeshaagiza sare za wenzake. Basi Nondo akalifunua cherehani la marehemu mkewe, ambalo hakuwahi kuligusa, akapima marinda kwa futi ya chuma ya kupimia mabomba, na ndani ya utepe akapitisha waya wa kuchomelea ili usilale. Jana Tansy aliivaa sare hiyo akazunguka jikoni mpaka akapata kizunguzungu. “Babu, nimefanana nao?” “Umewapita,” Nondo alimwambia, na alimaanisha.

— Mimi nawaambia, zile ni njama za watu wa Pickett, wapinzani wetu wa leo, Meja akaendelea. Wamepenyeza mtoto wao atutie nuksi kabla ya mechi.

— Acha uongo wako! Dikoni akasema. Pale hapana mkono wa binadamu. Siku hizi watu wanaiamuru kompyuta ishone. Umesema sketi, yenyewe imesikia hema.

— Basi wangempa na vigingi!

Wakacheka, wakapigana vibao vya mapajani. Kisha Meja akageuka.

— Nondo, mbona kama umemwagiwa maji? Wewe ndiye fundi hapa. Hebu tuambie, nani kashona vile?

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, mimi. Lakini Nondo akajiona yuko mbele ya cherehani la mwanamke, miwani puani, sindano mdomoni, na hawa wawili wakimcheka mwaka mzima.

— Labda kipofu, akasema. Tena mlevi.

Meja alicheka mpaka kahawa ikamwagikia shati. Dikoni akafuta machozi. Nondo naye akacheka, tena kwa sauti kuwashinda wote.

— Babu.

Tansy alikuwa amesimama penye kona ya duka. Maandamano yalikuwa yameisha, amekuja achukuliwe nyumbani. Utepe ulikuwa umemwangukia juu ya sikio.

— Babu? Dikoni akanong'ona. Ina maana huyu... Mungu wangu, Nondo.

Mtoto hakuwatazama hao wengine. Wala hakulia.

— Jana ulisema nimewapita, akasema. Sasa hivi umesema kipofu. Ulidanganya jana, au umedanganya sasa hivi?

Meja akachungulia kikombe chake, na kilikuwa kitupu. Dikoni akavua kofia, akaishika magotini kama yuko msibani.

— Nimeshona mimi, Nondo akatamka mwishowe, akiwaambia wenzake, macho kwenye lami. Ni mimi. Yote, na utepe pia.

— Pole, kaka, Meja akasema. Tungejua...

Akasogea kumpa mtoto nafasi kwenye benchi. Tansy hakukaa. Yeye hakuwa ameuliza nani kashona. Alibaki amesimama palepale, anamtazama babu yake usoni, anasubiri.