Itoko Ilikwisha Zamani

Kiyoyozi cha basi dogo la kwenda Mabela, huku Omani, kilikuwa kimekufa, na wanawake wawili mbele yangu walikuwa wameshajuana kwa Kiswahili chao. Evodia wa Bukoba alifanya kazi za ndani mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwa Wayoruba wa Nigeria. Bi Muhsina alikuwa Mwomani wa Unguja.

"Bosi wangu amezaliwa Abeokuta," alilalamika Evodia, "lakini ukimuuliza kwao, anasema Itoko. Itoko yenyewe iliteketea vitani enzi za mababu! Wakimbizi wa kila mji walipofika Abeokuta wakajitengea mtaa, wakaupa jina la walikotoka, na kila mtaa na chifu wake. Sasa ni jiji kubwa, na bado wanaulizana wewe wa mtaa gani. Wiki nzima anagombana na mumewe, mtu wa mtaa wa Kemta, nyumba yao wajenge mtaa wa nani. Kelele zote nazisikia mimi jikoni."

"Ujinga huo, mwanangu," alisema Bi Muhsina. "Mji ukishakupokea, si ndo kwenu?"

Nilitaka kumpigia makofi. Evodia akamuuliza anakwenda wapi na joto lote hili.

"Nnakwenda kuikataa posa ya mjukuu wangu. Kijana mzuri, ana kazi yake. Lakini wa Pemba."

"Amezaliwa Pemba?"

"Kazaliwa hapahapa Omani, Ansab! Babu yake ndo alokimbia Pemba mwaka wa Mapinduzi, kama sisi tulivokimbia Unguja. Lakini sisi watu wa Mjini, mwanangu. Hatuchanganyi."

Nikamtazama Evodia. Alikuwa anatazama paa la basi.

Tukasimama Mabela. Bi Muhsina akashuka, kisha akarudi dirishani. "Mwambie huyo bosi wako, Itoko ilikwisha zamani."