Kofi la Tatu Hukawia

Benchi letu hapa Mtongwe lilikuwa la kanisa. Waumini waliponunua viti vya plastiki, Mweri, muuza kahawa wetu, akaliomba, akaliweka chini ya bati la duka la cherehani lililofungwa, akaleta jiko na dele lake la kahawa. Tangu hapo, jua likishaanza kupoa, hapo ndipo sisi. Wa kudumu tuko wanne. Garama twamwita Kocha, na nchi nzima yamwita hivyo, kwa sababu ile timu yetu ya Mtongwe Chipukizi alikuwa kocha wake, na timu hiyo ilichukua kombe la Pwani, ikatengenezewa filamu. Kombe, fundi viatu, ndiye aliyekuwa kipa. Twamwita Profesa kwa sababu ya methali zake, ambazo huzitumia kama mtu aliyeokota funguo na kuzijaribu kila mlango. Kioko ni fundi wa magari kutoka bara, twamwita Spana. Yeye hakuwako enzi za timu, lakini filamu yenyewe aijua kwa moyo. Wa nne ni mimi, Charo, niitwaye Akiba. Katika Chipukizi nilikaa benchi la akiba misimu miwili.

Siku hiyo Spana alikuja simu mkononi, hata salamu hakutoa.

Spana: Wasee, mmeskia? Filamu yetu inageuzwa! Inakuwa mchezo wa jukwaani. Wa kuimba!

Profesa: Kuimba nini?

Spana: Mpira, buda. Wanacheza mpira wakiimba. Kuna kikundi cha mjini kinaandaa. Desemba iko tayari.

Profesa: Haiwezekani. Mtu akikimbia pumzi zamwisha. Ataimba kwa pua?

Spana: Si watafanya polepole. Kama marudio kwenye TV.

Profesa: Na mpira ukitoka ukawapiga watazamaji? Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana wachezaji huvaa soksi ndefu.

Mimi: Huenda mpira wakaufunga kwa uzi wa kuvulia, mtu akawa anauvuta kutoka juu.

Spana: Aka! Mimi nimefikiria. Mpira wenyewe utakuwa mtu. Mtu mfupi, amepakwa chokaa.

Profesa: Na akipigwa teke?

Spana: Anaimba kwa huzuni. Hapo ndipo watu watalia.

Profesa: Basi mimi kipa nataka wimbo wa robo saa. Penalti imeshapigwa, mtu wa chokaa yuko hewani, mimi naimba habari za utoto wangu, kiangazi cha Ganze, kifo cha babu. Nikimaliza, namdaka.

Mimi: Wewe ile penalti hukuidaka. Ilipita.

Profesa: Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Kipa akifungwa moja mbili, mzigo wampungukia.

Tukacheka, hata Mweri akacheka na kumwaga kahawa kidogo. Kocha peke yake hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe kitupu kiganjani.

Spana: Kocha, wewe ndiwe nyota! Si ile ya makofi watakuimbisha? Wasee wote wanaipenda. Kocha anapiga makofi, paa, paa, paa, vijana wanapigiana pasi kwa mdundo. Hata watoto wa shule huko kwetu Mwala wanafanya. Halafu Akiba anaingia dakika ya mwisho, anafunga!

Profesa alinitazama. Nami nikatazama jiko la Mweri.

Hapo ndipo alipofika yule binti. Alitokea upande wa shule, mkoba begani, kandambili zimejaa vumbi la kuuliza njia.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Kocha. Karibu ukae.

Akajitambulisha kuwa yeye ni Lynnette, na ndiye anayetunga nyimbo za ule mchezo. Spana alitaka kuanguka. Akamfutia benchi kwa kitambaa chake cha oili, likazidi kuchafuka. Mweri akampa binti kahawa na kipande cha kashata.

Lynnette: Nimekuja kwa jambo moja tu. Yale makofi yamenishinda.

Spana: Yamekushindaje? Si paa, paa, paa?

Lynnette: Ndiyo hivyo yalivyo katika filamu, sawasawa kama saa. Nimejaribu kuyatungia wimbo miezi miwili, hayakubali. Kila nikiweka maneno yanakufa. Halafu mzee mmoja wa Timbwani, aliyewahi kucheza dhidi yenu, akaniambia: "Wale hawakuwa wakipigiwa makofi matupu. Kulikuwa na wimbo." Nimekuja kuuomba.

Profesa alimtazama Kocha kwanza.

Profesa: Wimbo ulikuwepo.

Lynnette: Mwaukumbuka?

Profesa akakohoa, akasahau kuwa yeye ni profesa, akaimba kwa sauti ndogo ya mtu anayejua kuwa haimbi vizuri:

— Mpira si wako, umeazimwa,
mpe mwenzio, utarudishiwa...

Alisimama hapo. Lynnette alikuwa ameshatoa daftari.

Lynnette: Endelea, mzee.

Profesa: Mstari wa tatu ni "Kombe mikono, usifumbe macho."

Mimi: Sio. Mstari wa tatu ni "na aliyekaa, naye ana miguu."

Profesa: We wasema nini? Mimi niliusikia kila siku kutoka golini!

Mimi: Nami niliusikia kila siku kutoka benchini.

Tukabishana, kila mmoja na mstari wake, mpaka nikaelewa kitu ambacho kwa miaka thelathini sikukielewa. Mstari wa tatu ulikuwa ukibadilika. Kila mtu alikuwa na wake. Hata mimi, ambaye sikuwahi kuvua fulana ya juu nikaingia uwanjani, nilikuwa nimewekewa mstari.

Lynnette akamgeukia Kocha.

— Na wewe, mzee? Si wewe ndiye uliyekuwa ukiimba?

Kocha aliweka kikombe chini.

— Mimi wimbo huo siujui, akasema. Nilikuwa kazini bandarini.

Spana akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaweka simu mfukoni.

Mweri: Mwambieni binti wa watu. Ametoka mbali.

Kocha akamwambia. Aliongea polepole, macho yake kwenye vidole vya miguu. Kocha alikuwa yeye, kweli, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye fomu za ligi. Lakini zamu za bandarini zilikuwa za mchana siku nne kwa wiki, na siku hizo vijana walikuwa na Kafedha. Kafedha alikuwa mama aliyekaanga viazi karai pembeni mwa uwanja. Alianza kwa kuwakemea waliogombania mpira karibu na mafuta yake ya moto. Akaona kila mtu auficha mpira kama chungwa. Basi akawa anapiga makofi na kuimba; na kila kofi lilipolia, aliye na mpira sharti autoe. Asiyeutoa hali kiazi. Baada ya mwezi mmoja Mtongwe Chipukizi walikuwa wakipeana mpira kama watu wanaoweza hata kufumba macho.

Kocha: Mimi nilirudi kutoka zamuni nikakuta timu. Wallahi nilishangaa. Nikauliza, nani kawafundisha? Wakanambia, mama wa viazi.

Lynnette: Mbona hayumo katika filamu?

Kocha: Waliokuja na kamera walituketisha pale shuleni. Wakauliza, nani alibuni makofi? Sijui nini kiliniingia, mwanangu. Taa ilikuwa usoni. Nikasema, mimi.

Lynnette: Na hawa wengine?

Swali hilo halikuwa la Kocha. Lilikuwa letu. Profesa alikuwa ameinama kama anayetafuta msumari mchangani.

Nikasema mimi. Nilimwambia kuwa tulikuwa saba siku ile, na saba wote tulisikia. Nilimwambia kuwa yule mtu wa filamu alikuwa amenishika bega asubuhi yake akaniambia, wewe Akiba tutakupa bao, watu hupenda mtu wa benchi anayeingia akafunga. Mimi sikufunga bao lolote katika maisha yangu. Fainali nzima nilikaa na ndoo ya maji. Lakini nilitaka lile bao. Nikajua nikifungua mdomo kuhusu Kafedha, huenda na bao langu likaulizwa. Nikaufunga.

Spana alikuwa akinitazama kama aliyeambiwa kuwa babake si babake.

Spana: Manze, Akiba. Hata bao?

Mimi: Hata bao.

Profesa: Mimi katika filamu nilidaka ile penalti. Nami sikusema kitu.

Mweri alijaza vikombe bila kuulizwa. Lynnette hakuandika. Aliuliza kama Kafedha mwenyewe aliiona hiyo filamu.

Aliiona. Ilionyeshwa kwanza hapa, ukumbi wa shule, na Kafedha alikuja na bintiye Dama, amevaa leso mpya, akakaa safu ya pili. Mimi nilikuwa nyuma yake. Ilipofika ile sehemu ya makofi, ukumbi wote ulipiga makofi na filamu. Naye akapiga. Nilimwona kwa nyuma, mabega yake yakienda na mdundo, halafu yakasita, halafu yakaenda tena, kama mtu anayecheza ngoma na mwenzake asiyezijua hatua. Akangoja. Yalipokuja majina ya mwisho alinyanyuka akasogea karibu na pazia la filamu, macho yanafuata maandishi, na Dama akimsomea sikioni. Majina yakaisha. Taa zikawashwa.

Lynnette: Alisema nini?

Kocha: Alinijia. Nikajua sasa nafedheheshwa mbele ya mheshimiwa mbunge na wageni. Akanambia, "Kocha, mmeharakisha. Kofi la tatu hukawia." Basi. Akafunga leso yake vizuri akatoka.

Lynnette aliweka daftari pajani. Akapiga makofi mawili, akangoja kidogo, akapiga la tatu. Akarudia. Paa, paa... paa. Midomo yake ikawa inatembea bila sauti: mpira si wako, umeazimwa. Mara uso wake ukabadilika.

— Yakubali, akasema. Maneno yamekaa. Kumbe pale ndipo mtu anapoinua macho atafute wa kumpa.

Miguu yangu ilisisimka chini ya benchi. Profesa naye nilimwona, viganja vimefunguka vyenyewe magotini, kipa wa miaka hamsini na moja.

Kocha: Mimi nilidhani anikejeli. Miaka saba nimedhani anikejeli. Kumbe alikuwa akinifundisha.

Baada ya filamu Kafedha hakukaanga tena uwanjani. Alihamia Bombolulu kwa Dama. Hakutusengenya, hakuna aliyetuletea neno baya kutoka kwake, na hilo ndilo lililotufanya tusiende kumwona. Mtu akikutukana una njia ya kurudi, utamwomba radhi yaishie hapo. Yeye alikuwa ametuachia kimya. Kila mwaka Kocha alisema, Pasaka hii twende. Mwaka jana, mvua za masika, tukasikia amefariki, anapelekwa kuzikwa Ganze.

Lynnette: Mlienda?

Profesa: Barabara ilikuwa matope.

Mimi: Haikuwa barabara.

Profesa: Ndiyo. Haikuwa barabara.

Kocha akainuka. Ni mtu mrefu, na siku hizi akiinuka huchukua muda. Akasema mchezo haujaonyeshwa bado, basi bado waweza kunyooshwa. Lynnette amtoe yeye katika yale makofi, amweke Kafedha, na bao la Akiba alitoe vilevile kama Akiba mwenyewe aridhia. Nikasema naridhia. Iliniuma, nisikudanganye. Lile bao nimeamkiwa nalo njiani miaka saba. Lakini nilisema.

Spana: Lakini buda, si mchezo utaharibika? Watu wanaenda kumwona Kocha.

Lynnette: Hautaharibika. Ndio kwanza umepata mtu wa kuimba.

Akafungua daftari ukurasa mpya. Akatueleza kuwa siku ya maonyesho watu hupewa kijitabu mlangoni, na ukurasa wa kwanza huandikwa jina la mwenye wimbo, peke yake, kabla ya waigizaji wote. Tena ni lazima aende kwa jamaa zake aombe ruhusa, asije akawa naye ameuchukua.

— Basi nisaidieni hili tu, akasema. Kafedha wa nani? Jina lake kamili.

Kocha alimgeukia Profesa.

Profesa: Kafedha... Kafedha wa viazi.

Alijisikia mwenyewe akilitamka, akajifunika uso kwa kiganja.

Mimi nilitafuta. Nilijua viazi vyake vilikuwa na ndimu nyingi kuliko vya wengine. Nilijua sauti yake ikiniita nilete ndoo. Nilijua mstari wangu. Jina la babake, ukoo wake, kwao kijiji gani huko Ganze, sikuwa na hata moja. Mweri naye akatikisa kichwa; alikuja hapa Kafedha keshahama.

Spana: Kwani si mlikuwa naye kila siku?

Kwetu jina kamili la mtu husomwa siku ya kuzikwa kwake, mbele ya wote, la baba na la babu na la mlango aliotoka. Lilisomwa mara moja, Ganze, kwenye mvua, na kila aliyekuwepo alilisikia.

Lynnette aliandika Kafedha. Kisha akangoja, kalamu ikiwa palepale juu ya karatasi, akitutazama mmoja mmoja.