Tambi za Jumapili za Mama Berta Rehm

Mchungaji, ndugu, majirani, mimi ni Frauke, mkwe wa marehemu, nasoma badala ya mume wangu Eberhard, ambaye ameshindwa kusimama hapa.

Marehemu Berta Rehm alizaliwa tarehe 9 Machi 1939 katika kijiji hiki cha milima ya Alb, baba yake akafia vitani yeye akiwa na miaka mitano, akasoma shule ya hapa hapa hadi mwaka 1953, kisha akafuma kitani kiwandani Laichingen mpaka tarehe 20 Mei 1961, alipofunga ndoa na Gottlob Rehm katika kanisa hili. Walijaliwa watoto wawili, Eberhard, aliyezaliwa mwaka 1963, na Rosine, aliyezaliwa mwaka 1966 akaishi siku tisa.

Kila Jumapili marehemu alipika tambi za mayai, akipiga rojo kwa mwiko mpaka litoe mapovu, akilitandaza juu ya ubao uliolowa na kulikwangua kwa kisu, tambi zikidondokea kwenye maji yanayochemka. Mimi niliolewa hapa mwaka 1990, nikitokea kaskazini kwa walaji wa viazi, na Jumapili yangu ya kwanza nikamkamulia tambi kwa mashine ya dukani. Akazitazama, akasema, “Minyoo hii, mwanangu, wape kuku,” akasukuma sahani, na kwa miaka thelathini na miwili hakuonja tambi za mkono wangu, hata nilipokwisha kujifunza ubao kwa kumwibia kwa macho. Niliumia, sifichi.

Tarehe 11 Novemba 2022 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya upande wa kulia, maneno na nguvu ya kumeza, daktari akatuonya asipewe chochote ila kilichosagwa. Miezi mitatu tulimlisha uji, akigeuzia uso ukutani. Jumapili tarehe 12 Februari 2023, Eberhard akiwa kanisani, nilikwangua tambi, nikazikatakata, nikamtilia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akatamka neno la kwanza tangu augue, “Ongeza.” Nikaongeza. Jioni akaanza kukohoa, chakula kilikuwa kimeingia mapafuni, na Ijumaa tarehe 17 akafariki kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Eberhard aliniambia, “Frauke, waambie ni kiharusi, yaishe.” Nimeshindwa, maana najua mnaulizana.

Tunamshukuru daktari, ambaye alituonya, muuguzi aliyekuja kila asubuhi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na wafumaji wenzake wa zamani waliofika leo. Mimi namshukuru pia marehemu, kwa neno nililolingoja tangu nikiwa bibi harusi, ambalo kama ningelilikataa angekuwa nasi leo, na sijui kama nikirudishwa jikoni siku ile ningeweza kulikataa. Pumzika, Mama, amani ianzie kwako.