Mama Minna na Vijiwe vya Ukutani

Mimi Tseko, mlinzi wa lango kuu, nimezaliwa na bahati yangu. Miaka kumi na tisa nimo humu, barua ya onyo siijui hata rangi yake. Wenye kijicho nawaacha waone.

Lakini leo ni siku ya Mama Minna Kagan, mtunza kumbukumbu, anayestaafu Ijumaa tarehe 28 Machi baada ya miaka ishirini na saba katika makumbusho yetu ya Maangamizi ya Wayahudi na haki za binadamu hapa Bloemfontein. Alianza na meza moja na masanduku matatu ya picha. Leo tuna kumbi nne, na ule wa mauaji ya Rwanda aliupigania miaka sita mpaka wakubwa wakachoka kumkatalia. Wanafunzi huingia kwake wakipiga kelele, hutoka wakinong'ona. Samaki wake wa siki hunuka hadi langoni, na langoni ndiko huishia, tumboni mwangu.

Wiki yangu ya kwanza niliona vijiwe vimetapakaa chini ya ukuta wa majina ya waliouawa. Uchafu gani huu? Nikafagia vyote, nikatupa kwenye jalala la chuma kule nyuma, nikajipongeza. Kumbe Wayahudi kaburini hawapeleki maua, hupeleka jiwe. Na asiye na kaburi la kuzuru huliweka pale ukutani. Mara akaja Mzee Leibl Zaks, anatafuta kijiwe cha dada yake Hene, aliyeuawa ana miaka tisa. Mzee mwenyewe alikiokota mtoni kwao Lithuania. Kumbukumbu nyingine ya Hene hakuwa nayo.

Mama Minna hakunigombeza. Alivua viatu, akapanda, akatumbukia jalalani na sketi yake ya heshima.

"Tseko, baba, unangoja kadi ya mwaliko? Ingia!"

Tulichakura hadi adhuhuri. Vikapatikana arobaini na kimoja, na cha mwisho ndicho cha Hene, chenye mstari mweupe. Mzee Zaks akakifuta kwa tai yake, akaniambia, "Bwana, ufagio wako una njaa." Kisha akanishika mkono, asiuachie upesi.

Tangu siku hiyo, mfanyakazi mpya hufundishwa vijiwe kabla ya kupewa funguo.

Ahsante, Mama Minna. Kapumzike, wajukuu wakuchoshe badala yetu, na afya isikupungukie. Ukuta tutautunza.

Na ile bahati niliyojisifia hapo juu ni uongo. Barua ya onyo iliandikwa. Mama Minna alimwambia mkurugenzi kwamba aliyefagia ni yeye, na barua imo kwenye faili lake mpaka leo.