Sarafu ya Kirumi Yenye Tundu

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na nitasema Kiswahili ili Gaudiosa aliyeniuguza awe shahidi. Nyumba hii ya Kitendaguro na duka la mjini ni vyenu wawili sawa kwa sawa. Jayesh, usimpunje dada yako Komal kwa kuwa wewe ni mwanamume.

Sasa lile kopo la sarafu. Miaka yote mmenicheka kwamba paa linavuja huku baba ananunua nyuso za wafalme wa Roma waliokwisha kuoza. Chekeni. Zile sarafu tatu za dhahabu nilizonunua zilikula ujana wangu, na vita vya Kagera vilipotukimbiza, Philbert, baba yake Gaudiosa, alizifukia kibanjani kwake, kwenye migomba ya Kamachumu, akanirudishia kopo likiwa na udongo mfunikoni, hajalifungua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Moja ni ya Gaudiosa, wala msimwulize ataifanyia nini. Mbili uzeni, mtengeneze paa.

Ya nne, ambayo sikuinunua, ndiyo inayoniua kabla ya ugonjwa. Hiyo ilivuka bahari zamani za Warumi kununua pilipili manga ya India, wanawake wa kwetu wakaitoboa wakaivaa, bibi akamvalisha mama yangu, mama akamvalisha Laxmi wangu siku ya harusi, na Laxmi hakuivua mpaka tulipomlaza juu ya kuni za maziko. Shingo zao ndizo zilizoifuta pua ya mfalme yule. Nawe, Jayesh, ukaipeleka kwa sonara Mwanza akaliziba tundu, ukaniletea ukitabasamu: “Baba, sasa itapata bei.” Mwanangu, hakuna mnunuzi mjuzi asiyeona kiraka. Bei umeiharibu, na mahali pa uzi wa mama yako umepaziba. Nimekasirika. Nisife nimeficha, nimekasirika sana.

Gaudiosa, waitu, binti yetu, maji kidogo... Basi.

Kesho nendeni kwa sonara wa hapa mjini, wote wawili. Atoboe palepale. Komal aivae shingoni, asiifungie kabatini, na siku moja amvalishe binti yake. Na ile chembe itakayotoka tunduni, itunzeni. Mnajua desturi yetu, anayekufa huwekewa dhahabu kinywani. Niwekeeni hiyo. Uniwekee wewe, Jayesh, kwa mkono wako, ndipo tutakuwa tumemalizana.

Mungu awape watoto wanaowasikiliza... Msigawane kwa ugomvi. Komal, nishike... Jayesh, usilie sasa. Nenda mapema, sonara... hufunga mapema.