Honi Iliyolia Msibani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe hata na ninyi mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango. Huko ndiko nilikokuwa nikikaa mimi, ili ibada ikiisha niondoke upesi nisiulizwe habari za nyumbani.

Wengi mnanifahamu, mimi ni Mama Kulwa wa Igoma. Marehemu mume wangu alikuwa akinunua samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki ziwani, na kuwapeleka vijijini kwa pikapu yake, ile ya zamani inayovuta kwa magurudumu yote manne. Maji ya barafu yalidondoka ndani yake kila siku, na kutu ilianza kuila tangu mwenyewe akiwa hai. Alipougua na kufariki, gari lilibaki uani, kando ya jiwe kubwa linalotazama mlango wetu wa mbele.

Sasa nieleze taratibu, maana jambo lilianzia msibani. Mnajua mtani akija kwenye matanga hakatazwi kitu. Sisi ni Wasukuma, na mtani wa mume wangu ni Mzee Chidawali, Mgogo anayeuza karanga hapa sokoni. Tulikwisha kuzika, tumekaa chini ya turubai, naye akavaa kofia ya marehemu, akaingia kwenye pikapu, akaigonga honi kwa ngumi na kuita kwa sauti ya mume wangu kabisa: "Mama Kulwa! Samaki wanaoza, wewe bado unafunga kanga tu!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nimpoteze.

Alasiri ile mvua ikashuka. Gari halina mtu, milango imefungwa. Honi ikalia yenyewe!

Ndugu zangu, haikulia mara moja ikaacha. Ililia moja kwa moja. Wazee walisahau fimbo zao. Shemeji yangu Masanja, mdogo wa marehemu, mwanamume mzima na fundi wa kuchomelea vyuma, alikimbia akaacha kiatu kwenye tope. Kisha sauti ikaanza kufifia, ikawa ya kukoroma, vilevile mume wangu alivyovuta pumzi zake za mwisho. Ikanyamaza.

Mtu mmoja akasema, "Chidawali, umemwita, na ameitika." Neno hilo lilitosha.

Tangu siku ile sikupita mbele ya gari lile. Niliingia nyumbani kwangu kwa mlango wa jikoni kama mpangaji. Majirani waliniambia nimlete mganga alitambikie gari, nikakataa, nikajiona nina imani. Lakini mvua ikianza tu, naziba masikio kwa mto. Mzee Chidawali naye aliacha utani. Akiniona anavuka barabara, ameinamisha kichwa, maana watu walimwambia ndiye aliyemsumbua marehemu kaburini.

Niliita wanunuzi wa vyuma chakavu. Walikuja na mkokoteni, wakasimuliwa na majirani, wakaondoka na mkokoteni mtupu. Kutu ikaendelea kula. Panya wakazaa kwenye kiti.

Lakini lililonivunja ni wanangu. Kulwa na Doto wanasoma bweni. Shule ilipofungwa, hawakuja nyumbani. Walishukia Usagara kwa shangazi yao, na Doto akanipigia simu: "Mama, tutakuja kukusalimia mchana, ila kulala hapana." Niliweka simu chini nikapiga magoti palepale jikoni. Nikasema, Bwana, mume umemchukua ni wako, lakini hofu hii inanichukulia na watoto. Nipe kuikabili!

Sikuona maono. Nilipata tu wazo la kumpigia Masanja.

"Shemeji, njoo tulitengeneze gari la kaka yako."

"Lilelile?" akauliza.

"Lilelile. Na kiatu chako bado nimekutunzia."

"Shemeji, una maneno wewe," akasema. Lakini alikuja.

Nawaeleza kazi yenyewe, huenda kuna mwenye gari bovu hapa. Tulianza kwa maombi, kisha brashi ya waya. Unasugua, halafu unagonga kwa nyundo. Chuma kizima kinalia kwa sauti kavu. Kilichooza kinalia kama boksi la biskuti, na hicho usikionee huruma. Mimi nilitaka tupake puti ya kuzibia matundu na rangi juu yake, yaishe, kama gereji nyingi zinavyofanya. Masanja akakataa, akasema puti inaficha tu, kutu inaendelea kula chini kwa chini. Akakata sakafu yote iliyooza, akachomelea bati jipya. Mimi nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikikauka kwanza.

Injini iliyolala muda mrefu usiiwashe kwa pupa. Tulimimina oili kidogo ndani ya silinda, tukaiacha inywe, tukaizungusha kwa spana, polepole, hadi ikalegea. Ile gia ya kuvutisha magurudumu ya mbele ilikuwa imeganda. Tuliilowesha oili na kuibembeleza kila tulipokutana, mpaka ikakubali. Uvumilivu, ndugu zangu!

Hatimaye tukafunga betri mpya. Nilikuwa nimekaa mle ndani nafuta vioo, Masanja yuko nje anafunga taa. Mawingu yakatoka ziwani, mvua ikapiga.

Honi ikalia.

Masanja akaruka mpaka barazani. "Shemeji, toka! Toka humo!"

Miguu yangu ilitaka kutoka. Nawaambia ukweli, nilishika kitasa cha mlango. Nikasema, "Yesu, kaa na mimi humu." Nikaachia kitasa. Nikainama chini ya usukani nikapeleka mkono gizani, kule sauti inakotoka. Nikagusa ule mkeka mzito wa kuzuia kelele za injini. Ulikuwa umenyonya maji, umelemea kama godoro lililolowa. Nikauinua.

Honi ikanyamaza.

Nikauachia. Ikalia. Nikauinua. Kimya. Nikaita, "Masanja! Njoo uone kaka yako alipo!"

Alikuja na tochi, hatua moja moja. Waya wa honi ulikuwa unapita kwenye tundu la bati. Raba yake imeoza, kutu imelifanya tundu kuwa kali kama kisu, ganda la waya limechubuka. Mvua ikinyesha, maji yanapenya, mkeka unalemea, waya uliochubuka unagusa bati, honi inalia. Siku ya msiba ililia hadi betri ikaisha nguvu. Basi! Masanja alicheka, mimi nikalia, kisha tukabadilishana.

Tulifunga waya mpya na raba mpya. Safari ya kwanza, mimi mwenyewe nikiendesha, ilikuwa sokoni kwa Mzee Chidawali. Nikapiga honi mbele ya meza yake. Karanga zilimwagika.

"Shikamoo, mtani," nikamwambia. "Marehemu hakuitika. Ilikuwa waya."

Nikamwonyesha ule waya wa zamani. Aliugeuzageuza mkononi, machozi yakimtiririka. Kisha akaniangalia kwa jicho la zamani lile. "Ninyi Wasukuma! Waya umechubuka, mkanisingizia mimi? Leteni ng'ombe wa faini!"

Haleluya! Likizo iliyofuata wanangu walilala nyumbani, na wao ndio waliofungua mlango wa mbele.

Namshukuru Mungu. Hakuliondoa gari uani kwangu. Alikaa nami ndani yake mpaka mkono wangu ukafika penye hofu. Ndugu yangu, nawe una kitu unachokizungukia kwa mlango wa nyuma. Mwite Bwana, kiendee pamoja naye. Mtegemee, hatakuacha peke yako humo ndani.

Na wazee wa kule juu mlimani, ambao mvua ikinyesha hamwezi kushuka kuja ibadani: Jumapili nitapanda kuwafuata, gari linavuta magurudumu yote manne. Mkisikia honi, msikimbie. Ni mimi. Tokeni, mpande.