Dawa ya Siku Saba

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Semeni nami Alhamdulillah! Mimi ni Saada, mwalimu wa shule ya msingi hapa Baleni. Nimeomba kusimama mbele yenu, akina mama wa darasa letu la dini, kwa sababu nimesikia watatu kati yenu wanajiandaa kutembea nchi za nje likizo hii, na dunia yenyewe ndiyo hii mnayoisikia redioni. Msiogope. Lakini nisikilizeni.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa safari za papo kwa papo. Nguo mbili, khanga, bismillahi, nimeondoka! Ukiniuliza, "Likitokea jambo je?" nakujibu, "Nimetawakali!" Nilidhani kutawakali ni kwenda mikono mitupu.

Likizo iliyopita nikamchukua mama mdogo Zuhura, mdogo wake marehemu mama yangu, tukatembee nchi ya mbali. Nchi yenyewe siitaji, maana watu wake walitutendea wema. Mama mdogo ana sukari, hujichoma insulini kila siku. Safari ilikuwa ya siku saba. Nikafungasha dawa ya siku saba. Hata ya akiba sikuweka! Kaka yangu Hamadi, mkulima wa minazi, aling'ang'ania nimwachie kopi za pasi zetu na jina la hoteli. Nikampa ili aninyamazie tu.

Siku ya sita asubuhi, vurugu zikalipuka mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa. Mtandao ukakatwa. Dawa ya mama mdogo imebaki ya siku moja!

Ndugu zangu, tukakimbilia mapokezi kuuliza. Pale mapokezi kila mgeni alikuwa na habari yake: mara mpaka umefungwa, mara hoteli itachomwa moto. Akatokea bwana mmoja, mtanashati, akasema ana gari la kutufikisha mpakani, tumpe pasi zetu akazigongeshe mihuri. Mkono wangu ulishaingia mkobani. Mama mdogo akaushika.

"Saada, huyu umemuuliza jina?"

"Hapana, mama."

"Basi toa mkono. Twende tukamwombe Mungu kwanza."

Tukaswali rakaa mbili chumbani. Sitawadanganya, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilipata utulivu, na akili ikanirudia. Nikashuka, nikamwomba dada wa mapokezi anitafutie namba ya ubalozi wetu, nipige kwa simu yao ya mezani. Ikaita. Ikapokewa kwa Kiswahili!

"Naitwa Saada," nikasema, "nimetoka Mafia, niko na mama yangu mgonjwa..."

"Saada wa Baleni? Dada yangu! Kaka yako amesikia habari redioni, ametupigia mara nne tangu asubuhi. Namba za pasi zenu ametusomea moja moja. Sasa hivi nilikuwa naitafuta hoteli yenu. Mama anatumia dawa gani? Soma jina kwenye boksi."

Nililia, ndugu zangu! Kaka niliyemwona msumbufu, Mungu alikuwa amemweka mlangoni kabla sijajua kuna mlango!

Kesho yake kabla ya Adhuhuri, gari la ubalozi likafika na dawa. Wageni wawili waliompa yule bwana pasi zao hawakumwona tena. Sisi tulikaa ndani, kama tulivyoagizwa, na siku ya tatu uwanja ukafunguliwa. Tulipotua Kilindoni mama mdogo alisujudu palepale, watu wakimpita na mizigo yao.

Kwa hiyo nendeni, ndugu zangu! Dunia ni ya Mungu. Ila dawa bebeni zaidi ya siku zenu, na boksi lake msilitupe. Ubalozi uarifuni mapema kwamba mko huko. Mimi sikufanya hivyo, nikaokolewa na ubishi wa kaka. Namba za simu ziandikeni kwenye karatasi. Habari za vibarazani msizifuate, ulizeni wenye mamlaka. Na pasi hapewi mtu kwa sababu ya tabasamu lake.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetutoa kule salama. Mtegemeeni, hamtaaibika! Mama mdogo ameshaniuliza mwakani twende wapi. Na wewe unayesafiri huku moyo unakudunda, kesho baada ya Alasiri njoo kwangu na begi lako. Tutalifungasha pamoja, tutaomba dua, kisha utakwenda.